Barabara Iliyofagiliwa

"Afande, nimeshasema mpaka mate yamenikauka. Kulikuwa na mpunga."

Masalu aliyasema hayo akiwa ameinamisha kichwa, kwenye benchi la chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi Kahama. Walishamvua mkanda na viatu, na suruali ilikuwa ikimshuka kila alipojisogeza. Dereva wa lori la Fuso, mwanamume wa mabega mapana, lakini sauti iliyobaki ilikuwa ndogo mno kwa mwili ule.

Inspekta Klara Mwita alivuta kiti akakaa mbele yake. Klara alikuwa Mkurya wa Tarime, kahamishiwa Kahama mwaka jana, na wenzake walimjua kwa kitu kimoja kilichowachosha: akishika swali haliachi, hata bosi akikohoa mlangoni.

"Mpunga wapi?" aliuliza.

"Barabarani. Umeanikwa upande wangu wote, toka mstari wa kati mpaka ukingoni."

"Na Vumilia alikuwa wapi?"

"Katikati ya mpunga."

"Ulimwona?"

"Nilimwona mbali tu, mwendo wangu hamsini hivi. Nikapiga honi, nikakanyaga breki. Gari likashika vizuri, linasimama kabisa. Lilipoingia kwenye mpunga likaniponyoka. Mguu uko chini kwenye breki, Afande, na gari linakwenda tu."

"Ungemkwepa."

"Kulia inakuja bodaboda na watu wawili nyuma. Kushoto mtaro, na yeye ndiyo huko alikokuwa anakimbilia."

Koplo Onesmo, aliyekuwa ameegemea mlango na mikono kifuani, aliguna. "Mpunga! Tumehoji kijiji kizima. Hakuna aliyeona hata punje."

Hapo ndipo kesi ilipokwama. Siku tatu zilizopita, jioni jua likiwa bado juu, Fuso la Masalu lilitoka Bulyanhulu limejaa marudio, ule mchanga uliooshwa dhahabu mara moja na unaopelekwa kuoshwa tena. Kijijini Mwashagi likamgonga Vumilia, binti wa miaka ishirini na mitatu, akafa palepale. Ingekuwa ajali kama ajali nyingine, kama si kwamba Masalu aliwahi kupeleka washenga kwa kina Vumilia wakarudishwa. Na baada ya kurudishwa, akiwa kilabuni, mbele za watu, alisema huyo binti atajuta. Basi jalada likatoka kwa trafiki likaja upelelezi. Kesho asubuhi Masalu alikuwa anapelekwa mahakamani kusomewa shitaka la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Mtu anaweza kuota mvi mahabusu akisubiri, na mwisho wake akanyongwa.

"Ulisema atajuta?" Klara aliuliza.

"Nilisema. Nilikuwa nimelewa na nimeaibika." Masalu aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa na maana atajuta kunikosa mimi, mume mzuri namna hii." Alitaka kucheka, midomo ikamkatalia, akalia machozi waziwazi mbele yao.

Onesmo aliangalia dirishani. Klara alisimama.

"Gari liko wapi?"

"Liko uani, Afande, na mzigo wake," alisema Onesmo. "Lakini bosi kasema jalada liwe mezani kwake leo jioni."

"Jioni bado."

* * *

Athanas, mkaguzi wa magari, alikuwa mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alishatambaa chini ya lile Fuso asubuhi, na sasa, wakiwa wamelileta na mzigo wake barabarani Mwashagi, alizungumza huku akijifuta mikono kwa kitambaa kilichozidi kuichafua.

"Breki nzima. Upepo unajaa, hauvuji. Tairi za mbele mpya, za nyuma zimelika kidogo lakini meno zinayo. Kilichoharibika ni bampa na indiketa ya kushoto. Imepasuka karibu yote, na vipande vyake mimi sijaletewa."

"Havikuwepo," alisema Onesmo. "Nilipiga picha mwenyewe. Lami ilikuwa tupu."

Klara alimtupia jicho. Aliinama kwenye alama za tairi. Zilikuwa bado zinaonekana wazi: milia miwili myeusi inaanza mbali, inakuja imenyooka, halafu inapotea ghafla, yote miwili kwa pamoja. Mbele sana inaonekana tena, mifupi, na kuishia pale Fuso liliposimama. Vumilia aligongwa katikati ya ule uwazi. Doa la damu lilikuwa limemwagiwa mchanga.

"Hapa ndipo penye kesi," Onesmo alisema, akionyesha uwazi kwa kidole. "Alikanyaga, akaona ni Vumilia, akaachia breki. Akaongeza mafuta. Akishamgonga akakanyaga tena. Alama zenyewe zinasema."

"Au alikuwa mbio mno."

"Au vyote viwili."

Klara aligeuka nyuma. Kule Fuso lilikotokea siku ile, mbele ya shule ya msingi, kulikuwa na tuta refu la kupunguza mwendo, jipya, la kupasua sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa asiyelijua. Fuso lenye mzigo lazima litambae pale.

"Mzee Athanas, panda. Tokea kwenye tuta, kanyaga mafuta mpaka mwisho, kama umetumwa na shetani. Ukifika zinapoanza alama hizi, nitazamie mshale wako umefika ngapi."

Walisimamisha magari pande zote mbili. Watoto walitoka shuleni kuangalia, mwalimu akawarudisha kwa fimbo. Lile Fuso likavuka tuta, likanguruma, likatoa moshi mweusi, likaja linajikongoja na mzigo wake wa mchanga uliolowa. Athanas alipunga mkono dirishani lilipofika, kisha akashuka anahema utadhani kalisukuma.

"Hamsini na ushei. Mzigo huu haupandi zaidi, Inspekta. Hata ungemfunga mbuzi anayekimbizwa mbele yake."

"Kwa hiyo mwendo alisema kweli."

"Mwendo alisema kweli," Onesmo alikubali shingo upande.

"Sasa rudia. Mwendo uleule, na hapa alama zinapoanza piga breki zote."

Mara ya pili Fuso lilipopiga breki lilipiga kelele, mchanga ukamwagika mbele juu ya kebini, na likasimama. Bampa lilikuwa limevuka kwa hatua kadhaa tu pale milia ya zamani ilipopotelea. Kutoka hapo mpaka kwenye lile doa palibaki nafasi ya kuegesha basi zima. Klara alisimama kwenye nafasi ile tupu, upepo ukimpiga vumbi la marudio machoni, na moyo ukamwuma kwa mara ya kwanza siku hiyo. Binti yule alikuwa na nafasi ya kupona. Gari lilikuwa na uwezo wa kusimama.

"Jua lilikuwa wapi?" aliuliza.

"Nyuma yake," alijibu Athanas. "Anatoka Bulyanhulu anakwenda Kahama, jua la jioni linampiga kisogoni. Halikumtia upofu. Na breki kaanza kukanyaga mapema, hakuzubaa."

"Mtu aliyekusudia kuua anaanza kukanyaga breki mapema kwa nini?"

"Alibadili mawazo," alisema Onesmo.

"Akabadili, akakanyaga. Akabadili tena, akaachia. Akabadili tena, akakanyaga. Koplo, wewe umewahi kubadili mawazo mara tatu ndani ya pumzi moja?"

Onesmo alicheka bila kupenda, kisha uso ukamrudia. Hakuwa mjinga huyu kijana wa Ngokolo, Shinyanga, wala hakuwa na chuki na Masalu. "Afande, mimi nakuelewa. Gari zima, mwendo mdogo, dereva kaona mapema. Kilichobaki ni barabara. Lakini hakimu hatauliza tumeelewa nini. Atauliza mpunga uko wapi, na watu arobaini watasema haukuwepo."

"Nionyeshe picha zako."

Alimpa simu. Klara aliivuta picha ya kwanza kwa vidole viwili, akaivuta tena, akatazama miguuni pake. Barabara ile ilifunikwa na vumbi la kijivu. Malori ya marudio yanapita kutwa, kila moja linamwaga kidogo. Lami ya Mwashagi wala hujui ina rangi gani. Lakini kwenye picha ya Onesmo, siku ile ya ajali, kipande kile kizima cha uwazi kilikuwa cheusi kinang'aa, kisafi kuliko sebule ya mgeni. Kabla yake vumbi, baada yake vumbi.

"Koplo, huku kwenu watu wanafagia barabara ya serikali?"

Onesmo alichungulia, akakunja uso. "Hapana."

"Na hizi?" Pembeni ya lami, chini ya nguzo ya alama, kulikuwa na ndala za kike za bluu.

"Ndala za marehemu. Ziko kwenye gari, kwenye vielelezo. Zilimtoka alipogongwa."

Klara aliziangalia muda mrefu. Kisha akamrudishia simu. "Twende msibani," alisema.

* * *

Nyumbani kwa marehemu turubai lilikuwa bado halijashushwa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na moshi wa jikoni ulikuja mpaka uwanjani. Mwenyekiti wa kijiji, Stanslaus, aliwapokea kwa mikono miwili.

"Mwadila, mwadila! Karibuni. Poleni na kazi."

"Poleni na ninyi kwa msiba," alisema Klara. "Mwenyekiti, nina swali lilelile."

"Na mimi nina jibu lilelile, Inspekta. Mwashagi hatuaniki mpunga barabarani. Tangu lami ifike, mtendaji alitukataza, tukakatazika. Yule kijana anatafuta pa kujifichia." Aliangaza macho pembeni. Wanaume wa benchi la kwanza wote waliafiki, wote kwa pamoja, na hakuna aliyemtazama Klara usoni. "Lakini kaeni mle kwanza. Aliyekuja msibani haondoki na njaa."

Wakaletewa sinia la wali na maharage. Waliketi wawili pembeni, chini ya ukingo wa turubai, wakanawa. Onesmo alifinyanga tonge, akatia mdomoni, akakunja uso.

"Wali gani huu tena? Huu ni uji." Alisema kwa sauti ya chini, lakini kwa uchungu wa kweli, maana Msukuma wa Shinyanga ukimpikia wali mbovu umemtukana. "Mchele wenyewe wote chenga. Hawa wamekoboa mpunga mbichi. Haukukauka."

"Kwa nini mtu akoboe mpunga mbichi?"

"Hakuna mtu anayefanya hivyo, Afande. Unaharibu. Unauanika kwanza mpaka..." Akaacha kutafuna.

Wakatazamana. Wakati huohuo Klara alihisi kitu kigumu kwenye jino. Alikitema kiganjani, akakifuta kwa kidole gumba. Kijiwe, ungedhani. Lakini kilikuwa na rangi ya chungwa, kimekatika kwa pembe kali, kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele. Aliwahi kukiona kikubwa chake asubuhi ileile, kimebaki kimening'inia kwenye indiketa ya Fuso.

Onesmo alimeza kwa shida kile kilichokuwa mdomoni. "Mungu wangu," alinong'ona. "Tunakula ushahidi."

Klara alikifunga kile kipande kwenye karatasi, akatia na tonge moja la wali pembeni yake. Kisha akanyanyuka akaenda jikoni.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa, mikono imevimba kwa moto, kanga imefungwa kiunoni kwa kazi. Wenzake walimwita Salome. Alimwona Klara anakuja, na alimwona alivyoshika ile karatasi, akawaambia wanawake wengine wakachote maji. Wakaondoka wote, hata ambao ndoo zao zilikuwa zimejaa.

"Shikamoo, mama," alisema Klara.

"Marahaba."

"Mpunga huu mmeukoboa lini?"

"Asubuhi ya mazishi."

"Mbichi?"

Salome aligeuza mwiko. "Watu wa msiba wanataka kula."

Klara akaifungua karatasi, akamwonyesha. Salome akatazama kile kipande cha chungwa, akafunika sufuria, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Tulichambua," alisema. "Tulichambua mpaka macho yakauma. Basi hicho kimetushinda."

"Nani alifagia?"

"Mimi. Mimi na wenzangu. Bado hamjafika, dereva kashakimbilia kwa mtendaji kuokoa roho yake, mwili tumeshaufunika. Tukachukua mafagio na magunia." Sauti yake ilipanda. "Usinitazame hivyo! Ungekuwa wewe ungefanya nini? Unajua ule mpunga ulikuwa wa nani?"

"Niambie."

"Wa mama yake. Vumilia ametumwa na mama yake akaugeuze. Sasa mnataka aambiwe? Mtoto wake wa pekee, aambiwe ni mpunga wako uliomwua? Nikaona bora lori. Nikaona bora mtu. Mtu unaweza kumchukia ukapona."

"Na Masalu?"

Salome alisukuma ukuni ndani ya moto. Moshi ulimgeukia, hakuhama.

"Masalu kesho anasomewa mauaji, mama Salome. Hakufanya kitu. Alikanyaga breki mpaka mwisho. Gari lilikuwa linasimama."

"Mimi mahakamani siendi," alisema Salome polepole. "Hata unifunge. Kijiji kizima kimeshasema haukuwepo, na wote tulikuwa tunaanika pale, sio yeye tu. Kipande chako cha plastiki nitasema kimetoka kwenye ndoo. Anayeweza kukuambia ni mmoja, na huyo usithubutu."

Klara alitoka nje ya jiko. Onesmo alikuwa anamsubiri.

"Niletee zile ndala," alimwambia.

"Afande... Leo? Si tungemwacha mpaka msiba uishe?"

"Msiba ukiisha Masalu yuko gerezani. Zilete."

* * *

Mama Vumilia, Paskalina kwa jina lake, alikuwa ndani, kwenye mkeka, mgongo ukutani. Sinia la wali lilikuwa mbele yake limefunikwa kawa, halijaguswa. Wanawake waliokaa naye walisema hajala tangu siku ile. Klara akawaomba wawapishe. Akavua viatu, akaketi chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho yalikuwa makavu na mekundu. "Atanyongwa?"

"Nani, mama?"

"Masalu. Salome anasema aliongeza mwendo. Mwenyekiti anasema aliongeza mwendo. Wote wanasema." Alivuta pumzi. "Nataka anyongwe. Nikiwaza hivyo ndipo napata usingizi kidogo."

Klara alitaka kusema pole. Onesmo aliingia kimya, akampa mfuko wa vielelezo, akabaki mlangoni. Klara alizitoa ndala na kuziweka mikononi mwa yule mama.

Paskalina aliziangalia. Akaanza kuzifuta vumbi kwa kiganja, taratibu, kamba kwa kamba. "Nilimnunulia mimi, mnadani," alisema. "Mmezikuta wapi?"

"Pembeni ya lami, mama. Chini ya nguzo. Zilikuwa zimepangwa pamoja, vizuri."

Mikono ya Paskalina ikasimama.

"Nimefanya kazi ya ajali muda mrefu," alisema Klara. Alijichukia kwa kila neno. "Mtu akigongwa, kiatu kimoja utakikuta mtaroni na kingine mbali kabisa. Vikipangwa vile, amevivua mwenyewe. Na mtu anayevuka barabara havui viatu, lami ina moto. Kwa nini alivua, mama?"

Jikoni sauti za sufuria zilikoma. Salome akatokea mlangoni nyuma ya Onesmo, anahema. "Mama Vumilia, usijibu! Umechoka, mayu. Mwambie arudi siku nyingine."

"Niache, Salome."

"Mama Vumilia..."

"Nimesema niache!" Sauti ilitoka kubwa, nje watu wote wakanyamaza. Kisha ikashuka tena, ikawa ya mtu anayejisemea peke yake. "Mpunga haukanyagwi na viatu. Unavunjika. Unaugeuza kwa nyayo, unaburuza mguu polepole, ule wa chini uje juu. Nilimfundisha mwenyewe tangu hajafika kiunoni kwangu. Hakuwahi kusahau kuvua."

Klara hakusogea. Aliona huruma, na aliona pia uso wa Masalu ukilia juu ya benchi, na swali lilikuwa bado halijaulizwa. Hapakuwa na mwingine wa kuliuliza.

"Ulikuwa mpunga wa nani, mama?"

Paskalina alizishusha zile ndala kwenye mkeka, mbele ya magoti yake. Akazipanga, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia, kama zilivyokuwa kwenye picha.

"Wangu," alisema. "Nilimtuma mimi."